Sakafu ya Mvule na Mtoto Aliyewahi

Julai 1987, Placidia Kokushubira wa Kibingo aliandika kwa chaki kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe: HAKUNA KUINGIA MPAKA TAREHE 1 AGOSTI. Chini yake akaongeza kwa herufi ndogo: HATA WEWE. Wapita njia walisimama, wakasoma, wakacheka, wakaendelea na safari. Jirani yake Byarugaba, aliyekuwa akianika kahawa kwenye mikeka upande wa pili wa uzio, aliuliza kwa sauti kama huyo "wewe" ni yeye au ni mume wa nyumba.

"Ni yeyote mwenye miguu," alijibu Placidia.

"Mama Anastazi, kahawa tunaianika wiki mbili, na kila siku tunaigeuza. Hiyo sakafu utaigeuzaje?"

"Sakafu haigeuzwi. Inaachwa."

Wakati huo Placidia alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita na elimu ya darasa la nne. Kazi yake, mbali na migomba na kahawa ya kibanja chao, ilikuwa kupiga msasa na vanishi sakafu za mbao: nyumba za mapadri, ofisi za wafanyabiashara, nyumba chache za watumishi wa serikali. Hakuisomea. Aliirithi kutoka kwa mume aliye hai.

Mume huyo, Apolinary, alikuwa seremala. Mwaka 1976 alitandika mbao za mvule katika vyumba vyote vitatu vya nyumba yao, jambo la nadra Kibingo, ambako sakafu ni ya udongo au saruji na mgeni anapotarajiwa hutandaziwa nyasi mbichi. Miaka miwili baadaye vita vilileta familia zilizokimbia kutoka upande wa mtoni. Tatu kati yake zilikaa katika nyumba hiyo wiki tano, na kwa sababu ya mvua zilipikia ndani. Ziliacha duara nyeusi tatu kwenye sebule. Hakuna aliyelaumiwa. Lakini Placidia alizifagia kila asubuhi kwa karibu miaka tisa, na kila asubuhi alijiambia kuwa iko siku.

Kilichochelewesha siku hiyo ni ajali ya Machi 1981. Apolinary alikuwa akipaka vanishi ofisi ya mnunuzi wa kahawa, kando ya barabara ya vumbi. Ili vumbi lisinate kwenye vanishi, alifunga madirisha na mlango. Kitambaa alichofunga puani kilizuia vumbi, lakini kitambaa hakizuii mvuke. Saa sita mchana watu waliopita nje walimsikia akiimba. Wakasema fundi ameanza rubisi mapema leo, wakaenda zao. Baadaye aliimba kwa sauti ya kukokota maneno, wakacheka zaidi. Walikuwa watu wema. Katika nchi ya migomba, mtu anayeimba ovyo mchana ana maelezo yake, na maelezo hayo hukaa kwenye kibuyu.

Placidia alifika saa saba na chakula. Alisikia wimbo ule akiwa barabarani bado, akaangusha sufuria. Apolinary alikuwa ameweka nadhiri kanisani mwaka 1969, na tangu siku hiyo hakuwa ameonja pombe ya aina yoyote. Placidia alisukuma mlango, akamkuta ameketi sakafuni, mgongo ukutani, midomo imepauka, akitabasamu. Alimvuta kwa makwapa hadi nje. Apolinary alitapika hadi jioni. Kichwa kilimuuma siku sita, na mikono ilimtetemeka miezi miwili. Tangu hapo, harufu ya vanishi ikimfikia hata kwa mbali, paji la uso lilimbana kama limefungwa kamba. Alibaki na randa na msumeno. Brashi ikahamia kwa mkewe.

Jambo la kwanza Placidia alilofanya ni kupeleka kopo la vanishi kwa mwalimu Theoneste wa shule ya msingi, kwa sababu maandishi yake yalikuwa ya Kiingereza. Mwalimu alisoma mstari kwa mstari, naye akaandika kwenye daftari la hesabu. Kopo lilisema: tumia mahali penye hewa ya kutosha. Lilisema: hukauka kwa kugusa baada ya saa sita, mpako wa pili baada ya saa kumi na sita.

"Wanasema saa sita za wapi?" aliuliza Placidia.

Theoneste alitazama tena. "Za mahali penye joto la nyuzi ishirini na tano."

"Kwetu usiku wa Julai ni ngapi?"

"Sijui. Pengine kumi na tatu."

"Basi hilo kopo halijawahi kufika Kibingo."

Alikwenda kupima mwenyewe. Alipaka vipande vya mbao, akavipanga kwenye rafu ya karakana na kuvigusa kwa dole gumba kila baada ya saa mbili, akiandika. Alipima wakati wa masika na wakati wa kiangazi. Saa sita za kopo zilikuwa kumi na mbili kwake, na siku za ukungu zilikuwa ishirini. Aligundua pia kuwa mvule ni mkaidi kuliko mbao nyingine: una mafuta yake ya asili ambayo huizuia vanishi kushika. Ulipaswa kufutwa kwanza kwa tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, na hata hapo mpako wa kwanza ulihitaji siku tatu kamili. Kugusa bila kunata si kukauka. Alikandamiza dole gumba, akalizungusha. Alama ikibaki, vanishi bado mbichi chini hata kama juu inang'aa.

Kuhusu mvuke aliandika mambo manne tu, na kila mteja aliyasikia kabla ya kazi kuanza. Mvuke ni mzito, hukaa chini, kwa hiyo anayelala sakafuni huupata kuliko anayesimama. Pua huzoea, kwa hiyo aliyekaa ndani si shahidi. Mtu atoke, akae nje robo saa, arudi, ndipo aseme kama kuna harufu. Madirisha ya pande mbili yawe wazi, si ya upande mmoja. Na moto usikaribie, wala sigara, wala kibatari, wala kaa moja. Vitambaa alivyofutia alivitandaza uani kimoja kimoja, kwa sababu vikirundikwa pamoja hupata joto vyenyewe na kuwaka.

Wateja wengine walimwona msumbufu. Mmoja alimwambia kuwa fundi mwanamume angemaliza kwa siku mbili. Placidia alimjibu kuwa anamfahamu fundi huyo, na kwamba amelala naye nyumba moja miaka yote hii akimkanda kichwa.

Mwaka 1987 zamu ya nyumba yake ilifika. Mwanawe wa kwanza, Anastazi, aliyekuwa akifanya kazi Mwanza katika kiwanda cha kukamua mafuta ya pamba, alikuwa amekuja likizo katikati ya Novemba 1986 na kurudi kazini wiki tatu baadaye. Mkewe, Mukamusoni, alibaki Kibingo, mjamzito. Alikuwa binti wa Nsabimana, kibarua wa Rugu aliyehamia kutoka Rwanda miaka ya sitini. Muuguzi wa zahanati alikadiria kujifungua kungekuwa karibu na tarehe 10 Agosti. Placidia alihesabu kurudi nyuma. Siku kumi za msasa, mipako mitatu, siku kumi za kupitisha hewa. Ilitosha, na siku tisa zikabaki. Familia ilihama: yeye na Apolinary kwenye karakana, Mukamusoni jikoni pamoja na mama mkwe wa Placidia, Kampire, ajuza wa miaka sabini na tano ambaye hata hivyo alipenda kulala karibu na mafiga kuliko mahali pengine popote.

Mpako wa tatu ulianza asubuhi ya Jumatano, tarehe 22 Julai. Saa nne Placidia alikuwa amefika kwenye kizingiti cha chumba cha mwisho. Zilibaki mbao mbili. Ndipo Xaveria, mke wa Byarugaba, aliyekuwa amemsindikiza Mukamusoni kliniki, akaingia uani mbio.

"Mama Anastazi! Weka hiyo brashi chini. Mkamwana wako uchungu umemshika palepale kwenye benchi."

"Leo?"

"Sasa hivi! Unataka nimwambie mtoto asubiri?"

Placidia alimaliza mbao mbili zile. Ilimchukua dakika kumi, na Xaveria alizisimulia kwa miaka kadhaa kama ushahidi kuwa moyo wa mwanamke yule ni wa mti. Ukweli ni kwamba ukingo ukiachwa katikati hubaki na mstari usiofutika. Kisha alisimama, akahakikisha madirisha yote yako wazi, akanawa mikono, akaondoka kwa mwendo wa saa moja na nusu kwenda zahanati. Brashi yake aliiacha imesimama ndani ya kopo lililojaa tina hadi nusu, bila kifuniko, kizingitini, mlangoni mwa sebule. Ni kosa pekee la kazi ambalo Placidia alikiri maishani mwake, na alilikiri kila alipoulizwa.

Mtoto alizaliwa saa tisa alasiri. Wa kiume, kilo mbili na robo, mapema kwa karibu wiki tatu, akipumua haraka haraka kama kifaranga. Muuguzi alimwambia Placidia mambo mawili: awekwe pakavu penye joto, na asikae kwenye moshi wala harufu kali, kwa sababu mapafu yake hayajakomaa. Placidia alimwomba arudie la pili.

Xaveria, aliyekuwa amerudi zahanati pamoja na Placidia, alikuwa akihesabu vidole. Novemba katikati. Desemba, Januari. Alipofika Julai alisimama.

"Miezi minane," alisema.

"Ndiyo. Amewahi," alisema Placidia.

"Mimi sijasema kitu."

"Nimesikia ambacho hujasema."

Asubuhi ya Alhamisi Byarugaba alileta baiskeli, akamketisha Mukamusoni nyuma na kuisukuma taratibu. Placidia alimbeba mtoto. Nia yake ilikuwa kumlaza mama na mtoto kwenye karakana, ambako yeye na mumewe wangewapisha. Kijijini mzazi hukaa ndani, kwenye nyasi laini karibu na moto, hadi kitovu kidondoke. Karakana haikuwa na moto, lakini kwake hilo lilikuwa jambo la kupangwa tu.

Nyumbani Kampire alikuwa tayari amepanga. Apolinary alikuwa amekwenda chama cha ushirika kupima kahawa tangu alfajiri. Ajuza alibaki peke yake, na kwa mikono yake mwenyewe alikuwa amekata nyasi, mafungu sita, akaingia kwenye nyumba yenye maandishi ya chaki ambayo hakuweza kuyasoma, ingawa alikuwa ameambiwa kwa mdomo mara nne. Alifunga madirisha ili upepo wa Julai usimpige mzazi. Alitandaza nyasi chumba kizima. Kisha, kwa kuwa nyumba ilikuwa ikinuka, alifanya kile ambacho wanawake wa ukoo ule wamekifanyia kila nyumba inayonuka, nyumba yenye unyevu au nyumba iliyokaa bila watu: alichukua chungu kilichovunjika shingo, akakijaza makaa, akakiingiza ndani ili moto uifukuze harufu. Maisha yake yote moto ulikuwa umekausha kila kitu: maharage, ndizi, mapaa ya nyumba za msonge, nguo za watoto. Hakuwa na sababu ya kudhani kuwa sakafu ingekuwa tofauti.

Placidia aliona madirisha yaliyofungwa akiwa kwenye lango la uzio. Alimpa Xaveria mtoto.

"Simama hapo hapo. Usisogee hata hatua moja."

Alifungua mlango. Chungu cha makaa kilikuwa katikati ya sebule, chumba cha kwanza. Kampire alikuwa ameketi juu ya nyasi zake, miguu imenyooka, akivuta hewa kwa shida na kujipepea kwa kanga. Kutoka kwenye chungu hadi kwenye kopo la tina palikuwa na hatua tano. Ili kufika pale alipokiweka, ajuza alikuwa amelipita kopo hilo kwa umbali wa shibiri. Placidia alikinyanyua chungu kwa pindo la kanga, akakitoa nje huku amekishika upande wa mwili ulio mbali na kopo, akakizika kwa mchanga. Aliporudi alichukua kopo. Safari ya tatu ndiyo aliyoongea.

"Mama, toka nje."

"Nitoke niende wapi? Nyumba ni ya mwanangu."

"Toka kwanza. Tutagombana nje."

"Mimi sisikii harufu yoyote. Imekwisha. Nimeifukuza."

"Waitu, nakusihi, Mama, toka."

Alimwinua kwa makwapa. Uani Kampire alichukua hatua tatu, akashika mti wa mparachichi, akatapika. Akajifuta.

"Ni njaa," alisema. "Sijala tangu jana."

"Mama, umekula mihogo asubuhi hii," alisema Byarugaba. "Nilikupa mimi."

"Basi ni mihogo yako."

Hakuna aliyecheka. Mukamusoni alikuwa bado amekaa kwenye baiskeli, ameshikilia tandiko kwa mikono miwili. Kampire alimwelekeza mlangoni.

"Mwanangu, ingia. Nimekutandikia."

"Haingii," alisema Placidia. Alikuwa amesimama kwenye ngazi. "Si leo wala wiki hii. Hakuna mtoto atakayelala kwenye sakafu hiyo. Mvuke uko chini, naye atakuwa chini. Wewe una miaka sabini na tano, na umekaa humo saa moja. Yeye ana siku moja."

"Kwa hiyo alale wapi? Jikoni, kama mbuzi?"

"Karakana."

"Karakana!" Kampire alipandisha sauti hata watu wa barabarani wakageuka. "Mtoto wa kwanza wa Anastazi alale kwenye maranda, kama yai la kuku? Wewe husikii watu wanavyohesabu? Mimi sijui kusoma, lakini kuhesabu najua, na huyu aliyesimama hapa na mtoto mikononi amehesabu njia nzima!"

Xaveria alitazama chini.

"Huyu binti hana mjomba hapa wa kumsemea," Kampire aliendelea, taratibu sasa. "Baba yake yuko Rugu analima mashamba ya watu. Mumewe yuko Mwanza. Mtoto asipolazwa ndani kwa baba yake siku ya kwanza, kesho watauliza kwa nini. Nyumba ndiyo itakayomsemea. Wewe unamlinda na harufu, mimi namlinda na midomo. Harufu itaisha wiki ijayo. Midomo inaisha lini?"

Placidia alimtazama Mukamusoni pale kwenye baiskeli. Kabla hajajibu, Apolinary alifika kutoka chama cha ushirika, magunia matupu begani. Alimwona mkewe kwenye ngazi, mama yake chini ya mparachichi, na jirani amejishika kiuno.

"Shikamoo, Mama. Huyu yuko mlangoni, wewe uko uani. Mimi nipite wapi?"

"Pita karakana," walijibu wote wawili kwa pamoja.

"Ukafagie," aliongeza Placidia.

Kampire hakufurahia kuwa amesema neno moja na mkaza mwana wake. Lakini alikuwa amelisema. Aliongozana na mwanawe hadi karakana, akasimama mlangoni, akaitazama meza ya kupigia randa, maranda na makopo yaliyopangwa. Alikuwa bado amepauka.

"Hapa palikuwa na msonge," alisema. "Nilikuzaa hapa, Apolinary. Mkabomoa, mkaniwekea meza ya randa mahali pa kitanda changu." Akageuka. "Moto uko wapi?"

"Karakana haina moto, Mama," alisema Apolinary. "Kuna maranda."

"Nyumba isiyo na moto si nyumba. Moto utoke jikoni kwangu, si wa kiberiti. Na mimi nitalala hapa. Watu waone mama wa mwenye nyumba amelala hapa. Na mlango huu uangalie njia, uwe wazi mchana, kila anayepita aone mzazi ni nani na yuko kwa nani."

Placidia alikuwa amefika nyuma yake. Alisikiliza masharti hayo kama alivyosikiliza kopo likisomwa, moja baada ya jingine.

"Nimekubali," alisema. "Na mimi nina yangu. Maranda yote yatoke, hata yaliyo chini ya rafu. Makopo yote yatoke, yakae kwenye banda la mbuzi, na mbuzi walale nje. Moto uwe karibu na mlango, kuni ziwe zile kavu za mibuni, chache. Dirisha lile la juu halifungwi hata usiku. Na nyasi ziwe mpya. Zile za mle ndani haziguswi."

"Dirisha litaleta baridi."

"Tutaning'iniza mkeka upande wa mtoto. Dirisha halifungwi."

Kampire alifikiri. "Na mkeka uwe wangu."

"Uwe wako."

Mukamusoni alisema akiwa bado kwenye baiskeli kuwa yeye atalala popote watakapokubaliana, ila wakubaliane upesi kwa sababu baiskeli inamuumiza. Byarugaba ndiye aliyecheka kwanza.

Kazi ile ilichukua saa mbili. Apolinary na Byarugaba walitoa magunia manne ya maranda. Placidia alifuta rafu kwa kitambaa chenye maji, akatoka nje, akakaa kwenye jiwe robo saa, akarudi na kuinama hadi pua ikagusa sakafu ya udongo. Harufu ya mbao tu. Kampire alileta moto kutoka jikoni kwenye kigae, akauweka karibu na mlango, mahali alipoonyeshwa, na akanung'unika jinsi alivyotaka. Saa tisa mzazi na mtoto walikuwa ndani.

Usiku ule mtoto alipumua haraka, halafu polepole, halafu haraka tena. Placidia na Kampire walikaa macho pande mbili za mkeka. Siku ya tatu pumzi ilitulia. Siku ya saba kitovu kilidondoka, na Kampire alikichukua bila kumwambia mtu atakakokizika.

Sakafu ilikuwa imeharibika. Nyasi mbichi, zikiwa na unyevu na uzito, na vanishi ikiwa imelainishwa na joto la makaa, zilikuwa zimezama ndani ya mpako kama zimechorwa. Palipowekwa chungu palikuwa na duara ya nne. Placidia alipiga magoti siku nzima ya Ijumaa akibandua nyasi moja moja kwa kisu, na jioni aliandika kwenye daftari: chumba cha kwanza, kurudia yote. Vyumba viwili vingine vilihitaji msasa mwepesi na mpako mmoja. Jumatatu alianza. Alifuta tarehe ya mlangoni, akaandika 31 AGOSTI. Wageni waliokuja kumwona mtoto walipelekwa karakana, na Kampire aliwapokea kwenye kigoda mlangoni. Hakuna aliyeuliza kwa nini hawako kwenye nyumba kubwa, kwa sababu aliwaambia kabla hawajaketi: msonge wa Rwegoshora, marehemu mumewe, ulikuwa hapa hapa, na watoto wa ukoo huu wanaanzia hapa. Xaveria alikuja mara tatu. Mara ya tatu alileta maziwa.

Telegramu ilimfikia Anastazi Mwanza ikiwa imechelewa siku tano. Alipanda meli hadi Bukoba, lori hadi Nkwenda, kisha akatembea. Alifika Jumamosi ya tarehe 8 Agosti, saa nane mchana, na sanduku la mbao kichwani. Uani walikuwepo watu kumi na wawili au zaidi, wengi wakiwa wanawake wa jirani. Alisalimia, akaelekea moja kwa moja kwenye ngazi za nyumba.

"Unakwenda wapi?" aliita Kampire.

"Nyumbani, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Kwako ni huku. Inama, mlango ni mfupi."

Anastazi aliinama, akaingia. Mukamusoni alimpa mtoto, na mikono ya baba, iliyozoea magunia ya pamba, haikujua ianzie wapi.

"Kichwa! Mshike kichwa!" walisema wanawake watatu.

Alimtoa mlangoni, kwenye mwanga. Alimtazama muda mrefu. Uani kila mtu alikuwa akiutazama uso wake, na Mukamusoni kuliko wote. Alikuwa ameshika ukingo wa mkeka.

"Ana masikio ya Babu," alisema Anastazi.

"Babu yupi?" aliuliza Kampire. Alijua. Alitaka lisemwe kwa sauti.

"Rwegoshora. Na yeye ndiye Rwegoshora. Nimempa."

Jina la babu wa upande wa baba halitolewi kwa mkopo. Xaveria ndiye aliyepiga vigelegele vya kwanza, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na wengine wakaitikia. Mukamusoni aliachia mkeka.

Placidia alilisikia jina hilo akiwa chumba cha kwanza, magotini, madirisha yote yakiwa wazi. Alikuwa na vumbi la mvule kuanzia nywele hadi miguu, na vumbi hilo hakutaka limfikie mtoto. Alisema "Rwegoshora" mara moja, kwa sauti ya chini. Kisha alikunja upya kipande cha msasa, kwa sababu zilibaki mbao saba, na mpako wa kwanza ungehitaji siku tatu kamili.